B na I hazitoshi: herufi za michezo zinalazwaje mpaka zionekane zinakimbia

Juzi kwenye grupu la WhatsApp la klabu yetu ya jogging kulizuka ugomvi mdogo ambao mpaka leo haujapoa vizuri. Mpwa wangu, ambaye ni dizaina wa grafiki, alipewa kazi ya kutengeneza jina la klabu kwa ajili ya jezi, bango, na stika za ile Coaster tunayoitumia kwenda kwenye mabonanza. Akachora, akatuma, akataja bei. Dakika mbili hazijaisha mhazini kajibu: "Laki na nusu kwa kulaza herufi? Si unafungua Word, unabonyeza B, unabonyeza I, kwisha habari?" Vikatuni vya kucheka vikamiminika. Mpwa akanipigia usiku, "Anko, hawa watu nawaelezaje?"

Nikamwambia ngoja niandike, maana swali la mhazini wala sio la kijinga. Ni lile lile linaloulizwa kila timu ikibadili logo, kila mashindano ya magari yakitoa bango jipya, watu wanaandika hata mtoto wangu angefanya, hii si italiki tu. Na kwa macho ya haraka kweli inaonekana italiki tu.

Tuanze na maneno maana hapa ndo watu wanapopotezana. Fonti ni seti ya herufi zilizochorwa kwa tabia moja, kama watoto wa mama mmoja, ukiona pua tu unajua huyu wa kwa nani. Ndani ya familia hiyo kuna ndugu wembamba na ndugu wanene, waliobanwa na waliotanuka, waliosimama na waliolala. Mnene tunamwita boldi, shuleni waliita herufi za kukoza. Aliyelala tunamwita italiki, shuleni walisema herufi za mlazo. Hayo mawili ndo zile B na I za mhazini.

Halafu kuna mgawanyo mwingine ambao watu wengi hawaufikirii kabisa, nao ni fonti za kusomea na fonti za kuitia. Ya kusomea ni kama mtu anayekusimulia kitu kwa sauti ya kawaida, unaweza kumsikiliza saa nzima usichoke, ndo maana gazeti na kitabu vinatumia hizo. Ya kuitia ni konda. Konda pale kituoni anapiga "Posta Posta Posta!" na unamsikia kutoka ng'ambo ya barabara, lakini hakuna mtu duniani anayetaka konda amsomee taarifa ya habari kwa sauti ile. Herufi nene zilizolala unazoziona kwenye magari ya mashindano, jezi, pikipiki, vinywaji vya kuongeza nguvu, zote ni makonda. Zimetengenezwa kubeba neno moja, mawili, namba, basi. Ukiandikia aya nzima kwa hizo msomaji anaumwa kichwa mstari wa tatu.

Sasa italiki yenyewe. Hapa kuna kitu kinachonifurahishaga sana, kwamba italiki haikuzaliwa iwe ya kukimbia na wala haikuwa ya kusisitiza neno. Ilianzia Venice, Italia, kwenye karakana ya mchapaji anaitwa Aldus Manutius, na fundi aliyeichonga kwenye chuma aliitwa Francesco Griffo. Mwaka 1501 wakatoa kitabu cha mashairi ya Virgil, mshairi wa Roma ya kale, kimeandikwa chote kwa hizo herufi, kitabu kidogo cha kushika mkononi, wakati vitabu vingi vya enzi hizo vilikuwa vikubwa vya kuweka mezani. Herufi ziliiga mwandiko wa mkono wa wasomi wa Italia wa wakati ule, mwandiko wa haraka, kalamu haijainuliwa sana, ndo maana zikainama. Na cha ajabu herufi kubwa hazikuinama, zilibaki wima kabisa, zilizolala ni ndogo tu. Wajanja wa Lyon, Ufaransa, wakavikopi vitabu hivyo fasta. Aldus mwaka 1503 akatoa tangazo la kuwaonya wanunuzi, akaorodhesha makosa ya chapa yaliyomo kwenye hizo feki ili watu wazitambue, na wale jamaa wakaichukua ile orodha wakarekebisha makosa. Feki ikawa nzuri kuliko jana yake. Kariakoo haijaanza leo bana.

Kwa hiyo italiki ya kweli ni mwandiko mwingine, ina mchoro wake. Angalia herufi a kwenye fonti ya kitabu, ile iliyosimama ina kama kofia juu ya tumbo, ukiigeuza kuwa italiki kofia inapotea inabaki a ya mviringo kama tunavyoiandika kwa peni. Hiyo ndo dalili. Lakini kuna mlazo wa aina ya pili, ambapo mchoro haubadiliki, herufi ni ile ile iliyosimama ila imesukumwa kulia. Fonti kama Univers na Helvetica, zote za mwaka 1957, italiki zao ni za namna hiyo, Helvetica imelala digrii 12. Fonti za michezo karibu zote ziko kundi hili la pili. Hazina mwandiko wa mkono ndani yake, ni jengo lililoinama. Na ndo hapo mhazini anapopata hoja yake, kwamba kama ni kusukuma tu basi kompyuta itasukuma.

Chukua rundo la madaftari, yapange yanyooke mezani, halafu weka kiganja pembeni uyasukume kidogo kidogo yateleze, la juu liende mbali zaidi na la chini libaki pale pale. Hicho ndicho kompyuta inachofanya ukibonyeza I kwenye fonti ambayo haina ndugu aliyelala. Haichori kitu, inatelezesha tu. Herufi ya urefu wa sentimita 30, ile ya ubavuni kwa basi, ukiilaza digrii 12 kichwa chake kinasogea kulia sentimita 6 na ushee, ukiilaza digrii 20 kinasogea karibu 11. Rundo halijaongezeka daftari wala kupungua, ila umbo limebadilika, na hapo ndo balaa linapoingia kimyakimya.

Angalia herufi A. Ina miguu miwili, wa kushoto umeegemea kulia na wa kulia umeegemea kushoto, wamekutana juu, na unene wao uko sawa. Ukiisukuma kulia, mguu wa kushoto ambao tayari ulikuwa umeinama unalala zaidi, na kitu kikilazwa kwa kutelezeshwa kinakonda. Mguu wa kulia unafanya kinyume, unasimama, na ukisimama unanenepa. Nilikaa nikapiga hesabu: A ambayo miguu yake imeinama digrii 20 kila upande, ukiisukuma digrii 15, mguu wa kushoto unapungua unene kama asilimia 10 na wa kulia unaongezeka karibu asilimia 6. Kwenye herufi nyembamba ya kitabu hutaona. Kwenye herufi nene ya jezi, ambapo mguu una unene wa vidole vitatu, unaona A moja imekanyaga kwa mkongojo. Huwezi kusema shida ni nini ila jicho linakwambia hii kitu ya bei rahisi.

O ndo inaumia kuliko zote. Mviringo ukitelezeshwa unakuwa yai, na yai lenyewe halina unene sawa, kona ya juu kulia na ya chini kushoto zinavimba, ile ya juu kushoto na ya chini kulia zinakonda. S nayo inapinda mgongo kama mtu aliyelala vibaya. Mtu anayechora fonti kwa kazi hii anatelezesha kwanza, ndio, hata yeye hutumia kompyuta, halafu anakaa siku na siku anarudisha unene mahali pake, anapunguza kule kulikovimba, anaongeza kulikokonda, herufi moja baada ya nyingine, na akimaliza herufi kubwa 26 kuna namba 10, na kwenye michezo namba ndo zinatazamwa kuliko hata jina. Mpwa alichofanya kwenye jina letu ni hicho, alianza na fonti iliyopo, akalaza, akakaa nayo usiku mzima kurekebisha. Mhazini aliona tokeo la mwisho akasema kumbe ni kulaza tu. Hiyo ndo adhabu ya kazi nzuri ya herufi, ikifanikiwa haionekani kama kazi.

Na B je? Habari ni ile ile, ila sio kila mara. Familia kubwa za fonti zina ndugu mnene aliyechorwa, ukibonyeza B kompyuta inamwita huyo. Ikiwa hayupo inampaka tu yule mwembamba mafuta pembeni anenepe, na matundu ya ndani, yale ya A, B, R, 8, 6, yanaanza kuziba. Wachoraji wa fonti nene wanapambana na hayo matundu kuliko kitu kingine. Herufi inatakiwa iwe nene mpaka mwisho lakini tundu libaki, maana ukiwa mbali ni tundu ndilo linalokwambia hii ni 8 na ile ni 3. Ndo maana kwenye fonti hizi utaona tundu la A limekuwa kijipande kidogo kama mkato wa wembe, au kona zimekatwa mshazari badala ya kuzungushwa, au kwenye maungio kuna ka-mchanjo ka kupitisha mwanga. Urembo upo, sikatai, ila mwingi ulianza kama dawa.

Haya, sasa kwanini kulala kumaanishe spidi? Mbona mlevi naye analala?

Jibu jepesi ni mwili. Mtazame mkimbiaji wa mita 100 akitoka kwenye vibao, kifua kiko mbele ya miguu, anaonekana kama anaanguka na kukimbia ndo kunamzuia asianguke. Mtazame mama anayewahi daladala. Jicho letu limezoea toka utotoni kwamba kilichosimama wima kimetulia na kilichoinama mbele kinaenda, na kilichoinama nyuma kinafunga breki. Herufi nazo tunazisoma kama vijitu.

Ila kuna jibu lingine linalohusu kamera na mimi hili ndo nalipenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1910 kijana wa Kifaransa, Jacques-Henri Lartigue, alipiga picha gari la mashindano kwenye Grand Prix ya Ufaransa. Kamera za vile zilikuwa na shata yenye mwanya mwembamba unaopita mbele ya filamu, kwa hiyo picha haikunaswa yote kwa mpigo mmoja, sehemu moja ya gari ilinaswa kabla ya nyingine, na gari lilikuwa halimsubiri mtu. Tairi likatoka yai, limeinama kuelekea linakokwenda. Na kwa kuwa alikuwa anazungusha kamera kulifuata gari, watazamaji na nguzo za pembeni zikatoka zimeinama upande wa pili. Lile kosa la mashine likawa moja ya picha maarufu kabisa za mwendo kasi. Hata ukikopa simu ya mtu ukapiga picha ukiwa kwenye treni ya SGR, nguzo za karibu mara nyingi zinatoka zimeinama, ni mambo ya ukoo mmoja, simu nayo inasoma picha mstari kwa mstari. Wachoraji wa katuni wamelaza magari yao hivohivo miaka yote. Herufi zikafuata mkumbo.

Kwa upande wa ufundi zilichelewa kidogo. Zama za herufi za chuma, herufi kubwa nene iliyolala ilikuwa mzigo, maana kila herufi imekaa kwenye kijibloku chake cha mstatili na kichwa kikiinama kinatokeza nje ya bloku, kikigongwa kinavunjika. Wachora mabango kwa brashi walikuwa huru, chuma hakikuwa huru. Ilipofika miaka ya 1960 na 1970 herufi zikaanza kupigwa picha badala ya kusubuliwa, mashine zikaweza kulaza kwa lenzi, hapo ndo mlazo ukasambaa kila mahali, halafu kompyuta ikamaliza kazi. Kwa hiyo mhazini ana ukoo mrefu, ile I yake watu walikuwa wanaibonyeza kwa lenzi kabla yeye hajazaliwa na herufi zilikuwa zinatoka mbovu vilevile.

Kuna jambo ambalo karibu kila mtu analisahau, nalo ni kwamba mbele ni wapi inategemea unasoma kuelekea wapi. Sisi tunasoma kushoto kwenda kulia, kwa hiyo kulia ndo mbele, herufi ikiinama kulia inaenda. Anayesoma Kiarabu anatoka kulia kwenda kushoto, mbele yake ni kushoto, ukimlazia maneno yake kulia kwa mazoea ya herufi zetu umemuegemeza nyuma. Babu zetu wa pwani waliokuwa wanaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu wangeiangalia jezi ya leo wangeuliza mbona inarudi.

Sasa weka hilo jambo kwenye gari. Simama upande wa kulia wa gari, upande wa dereva kwa huku kwetu, ulitazame ubavuni. Mbele ya gari iko kulia kwako. Herufi zilizoinama kulia zinakwenda na gari, safi. Zunguka upande wa pili, ule wa kushoto, wa mlango wa abiria. Mbele ya gari sasa iko kushoto kwako. Lakini maneno bado yanasomeka kushoto kwenda kulia, na bado yameinama kulia, yaani yameinama kuelekea taa za nyuma. Gari linaenda Mbagala maneno yanarudi Posta. Ukishaliona hili hutaacha kuliona, kila daladala, kila basi la mkoani, kila gari la rali, lina ubavu mmoja unaokimbia na ubavu mmoja unaokataa. Wengi wanaliacha hivohivo kwa sababu jina linatakiwa lifanane pande zote, na jicho likisoma linasahau gari. Mafundi wengine wanalaza kinyume kwa upande wa kushoto, ziegemee kushoto, inafaa kwa neno fupi na namba, ila kwa neno refu inasomeka kwa tabu kwasababu hatujazoea. Wengine hawalazi herufi kabisa, wanaziacha wima na kuzipitishia mistari mirefu inayochomoka upande wa nyuma kama upepo. Mi nadhani hao wa mwisho ndo wenye akili zaidi.

Unene nao una sababu zake za shamba. Toka Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, gari zinapita kule Naivasha kwenye vumbi lile laini wanaloliita fesh-fesh, linafunika kila kitu. Mtazamaji kasimama juu ya kilima, gari linapita sekunde mbili, nusu ya ubavu ni vumbi. Herufi nyembamba pale ni sawa na hakuna. Inayobaki ni ile nene yenye rangi inayopishana vizuri na gari, hata ikifunikwa theluthi nzima bado unaijua. Na kumbuka hiyo Safari ilianza mwaka 1953, kwahiyo mambo ya kusomeka kwenye vumbi yametesa watu vizazi.

Upana ni jambo dogo, nalipita haraka. Ukiwa na sehemu ndefu na fupi kwenda juu, kama ule mkanda wa juu ya kioo cha mbele cha gari, unatumia herufi zilizotanuka, na ndo maana fonti pana zenye mviringo wa kimraba, mithili ya Eurostile aliyoitoa Aldo Novarese kule Italia mwaka 1962, zinanukia gari na mashine mpaka leo. Ukiwa na kifua cha mtu au bango la kusimama, unabana, herufi ndefu nene zilizoshikana. Nike wamefanya hivyo miaka na miaka na Futura iliyobanwa na kukozwa, na Futura yenyewe asili yake ni Ujerumani mwaka 1927, kazi ya Paul Renner, haikuwa na habari na viatu. Supreme nao, wale wauza nguo, lile boksi jekundu lenye neno jeupe, ni Futura hiyohiyo, nene, imelazwa. Siku ukiwa unachagua fulana, angalia mlazo wa hilo neno na nafasi kati ya herufi, feki nyingi zinaanguka hapo maana aliyekopi alifanya kama mhazini.

Mfano wa kazi kubwa ambao watu waliugombania ni Formula 1. Kwa zaidi ya miaka 20 walikuwa na ile logo ya F nyeusi na michirizi myekundu, na namba 1 ilikuwa imejificha kwenye uwazi mweupe katikati. Kuna watu wameangalia mbio utoto wao wote hawakuwahi kuiona hiyo 1, na wakionyeshwa wanashika kichwa. Mwishoni mwa msimu wa 2017 kule Abu Dhabi wakaleta mpya, F iliyolala yenye mikanda miwili inayopinda kama kona ya barabara, pembeni yake 1 imelala vilevile. Mashabiki wakachachamaa, wengine walitaka ile ya zamani irudi kesho yake asubuhi. Hoja ya wenye mali ilikuwa ya kawaida tu: ile ya zamani ilisumbua kuishona kwenye kofia na nguo, na dunia imehamia kwenye simu ambako alama inatakiwa iwe rahisi. Pamoja nayo wakatengenezewa fonti zao, kazi ya Marc Rouault, na hazikuwa moja, kuna iliyotulia ya kusomea na kuna zenye mbwembwe zilizopewa majina ya kigari, Torque na Turbo. Unaona? Hata wao walijua konda hawezi kusoma taarifa ya habari. Kwangu mimi logo mpya inaendesha vizuri kuliko ya zamani ila ya zamani ilikuwa na siri, na watu wanapenda siri.

Kuna imani mbili tatu nizitoe njiani. Moja, kwamba brandi ya spidi lazima ilale. Ferrari jina lao limesimama wima, F imenyoosha mkono juu ya herufi zinazofuata basi. Porsche wamesimama wima na wametanuka. Hawa hawana haja ya kukuambia wanakimbia, atakayepiga kelele ni yule asiyejulikana bado, na klabu yetu ya jogging haijulikani hata mtaa wa pili, kwa hiyo sisi tulale tu. Pili, kwamba ukilaza zaidi unakimbia zaidi. Hapana, ukipita digrii 20 na kitu herufi inaanza kuonekana imejikwaa, na I inageuka kuwa alama ya mkwaju (/). Fonti nyingi zinakaa kati ya 10 na 20, na kinachoonekana zaidi ya kiasi cha digrii ni ulinganifu, yaani mkato wa kona, mstari wa chini, ukingo wa boksi, vyote viiname digrii zile zile. Kimoja kikikosea, bango zima linaonekana limekunjwa.

Tatu ni hii ya kudhani kila fonti ya mtandaoni ni ya bure. Ukidaunlodi fonti ukaona imeandikwa ni bure kwa matumizi binafsi, maana yake kadi ya besdei ya mwanao, sio jezi za kuuza. Zipo za bure kweli, zenye leseni huria ya SIL, unaweza kuzitumia kwenye biashara bila kumlipa mtu ilimradi usiiuze fonti yenyewe peke yake. Racing Sans One ni mojawapo, nene na imelala tayari toka kwa mchoraji wake. Barlow nayo ina ndugu wengi, wanene, waliobanwa, na waliolazwa na fundi sio na kitufe. Mwenye bajeti ndogo aanzie hapo kabla hajabonyeza I.

Na ukishapata, iprinti nyeusi kwenye karatasi, ibandike ukutani, rudi nyuma hatua 30, kunja macho. Halafu kwenye jezi usiweke katikati kwa kipimo cha rula, maana neno lililolala kichwa chake kimehamia kulia na miguu imebaki kushoto, rula inasema katikati na jicho linasema imehama. Sogeza mpaka jicho likubali.

Klabu hatimaye ililipa laki na ishirini, mhazini hakukubali zote. Mpwa akatengeneza stika mbili za Coaster kama nilivyoeleza, ya ubavu wa kulia imelala kulia, ya ubavu wa kushoto imelazwa kinyume ili jina likimbie na gari pande zote, akampelekea fundi wa kubandika akamwelekeza mara mbili. Fundi alibandika Jumamosi asubuhi wakati sisi tunafanya mazoezi. Tukaja tukaiona imepaki, imeng'aa, mhazini akapiga picha akatupia kwenye grupu, na mpwa akaiangalia ile picha kimya muda mrefu halafu akanipigia. Fundi alikuwa amezibadilisha, ya kulia kaibandika kushoto na ya kushoto kulia. Sasa hivi ndo Coaster pekee ninayoijua mjini ambayo maneno yanarudi nyuma pande zote mbili, na mhazini anasema imependeza.